Maneno ya Mungu kwenye dola hayakuwepo tangu mwanzo

Wengi tumekua tukiamini Marekani iliandikwa kisheria kuwa nchi ya Kikristo tangu siku ya kwanza, na ushahidi ni dola yao, si imeandikwa "In God We Trust" (Tunamtumaini Mungu)? Inaeleweka, hata mimi niliamini hivyo. Ila hayo maneno yaliingia kwenye sarafu mwaka 1864 wakiwa bado wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kwenye noti ndo 1957 kabisa, enzi za kuvutana na Wasovieti. Katiba yao kipengele cha 6 inakataza kumpima mtu dini ndo apewe cheo serikalini. Waasisi wengi walikuwa Wakristo, sawa, hilo jambo lingine. We gugo tu picha ya noti ya dola moja toleo la 1935A, angalia nyuma, juu ya lile neno ONE kubwa pako tupu.