Parvo kwa watoto wa mbwa: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Asubuhi mtoto wa mbwa anakataa chakula, mchana anatapika povu la manjano, jioni anahara maji yenye damu na uvundo mkali. Iwe Likoni au Kisauni, hapa Mombasa, ushauri wa majirani humfikia kabla ya daktari, na mwingi huila ile siku ya kwanza ambayo ndiyo ya kumwokoa.

"Mnyweshe madafu, maji yatarudi."

Kirusi cha parvo hushambulia seli zinazojigawa kwa kasi, hasa za utando wa utumbo na za uboho wa mifupa. Utando ukishaharibika, maji hayanyonywi, na bakteria wa tumboni huvuka hadi kwenye damu wakati chembe nyeupe za damu za kuwapiga, zinazotoka kwenye uboho huo, zimepungua. Kinachoua ni ukavu wa maji na bakteria hao.

Piga hesabu. Mbwa wa kilo 3 aliyekaukiwa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake anadai mililita 240 za maji. Ongeza kama 180 za mahitaji ya kawaida ya siku, na bado hujagusa yale anayoendelea kutapika na kuhara. Kumlazimisha kikombe kizima humtapisha zaidi, na akipaliwa yanaingia mapafuni. Tena madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali anayeharisha anapoteza sodiamu nyingi. Anachohitaji ni dripu ya mshipani na sindano ya kuzuia kutapika. Kama pesa za kumlaza hazipo, mwambie daktari waziwazi: kuna utaratibu wa maji ya chini ya ngozi na sindano za kila siku, mbwa akirudi nyumbani kulala. Si sawa na kulazwa, lakini wengi hupona nao.

Ufizi ndio kipimo chako cha nyumbani. Uguse kwa kidole: ukinata badala ya kuteleza, au ukiwa mweupe, usingoje kupambazuke. Akilegea na kupoa mwili, mpake asali kidogo ufizini, mfunge kwa leso kavu, muondoke kwa daktari.

"Mpe dawa ya kufunga tumbo."

Hapana. Dawa za kuzuia kuhara za watu huupunguza mwendo wa utumbo na kuwafungia bakteria na sumu zao ndani. Ibuprofen na diclofenac ni mbaya zaidi: hutoboa vidonda tumboni na kuangusha figo za mbwa aliyekwisha kukauka. Antibayotiki nazo haziui kirusi. Daktari huzitoa kwa ajili ya wale bakteria waliovuka, na vidonge vinavyotapikwa havina kazi. Ndiyo maana hupigwa sindano.

"Akihara damu tu, ni parvo."

Si lazima. Minyoo ya safura huleta damu pia, na mara nyingi mbwa mmoja ana vyote viwili. Kipimo cha haraka cha kinyesi huchukua dakika chache, ingawa mapema mno kinaweza kutoa jibu la hapana kwa mgonjwa wa kweli.

"Asile mpaka apone kabisa."

Huu ulikuwa ushauri hata wa madaktari zamani. Sasa inajulikana kwamba utumbo hupona upesi ukipata chakula mapema. Kutapika kukishadhibitiwa, anza na kijiko kimoja cha chai cha kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, aliyesagwa na wali laini, kila baada ya saa tatu au nne. Maziwa ya ng'ombe weka kando.

"Sakafu imepigwa dawa yenye harufu, kirusi kimekwisha."

Harufu haiui parvo. Sabuni na dawa nyingi za choo hazikiwezi. Jiki inakiweza, ikitumiwa sawasawa. Kwanza ondoa kinyesi na osha kwa sabuni, maana uchafu huimaliza nguvu jiki. Kisha changanya mililita 50 za jiki ya asilimia 3.5 katika kila lita ya maji, lowesha sakafu, iache mbichi dakika 10, ndipo usuuze. Udongo wa kivulini chini ya mwembe hausafishiki hivyo, na kirusi kinaweza kukaa humo miezi mingi.

"Mbwa wangu hatoki getini."

Ndara zako zinatoka, na zinaweza kurudi na kirusi.

"Watoto wa nyumbani wataambukizwa."

Hawataambukizwa. Parvo ya binadamu ni kirusi kingine. Mbwa wengine ndio wa kuhofiwa: hata aliyepona huendelea kutoa kirusi kinyesini, kwa hiyo mtenge angalau wiki mbili zaidi.

"Alichanjwa mara moja, basi."

Kinga aliyonyonya kwenye dang'a ya mama huizima chanjo, na hakuna ajuaye itaisha wiki gani kwa mbwa gani. Ndiyo sababu chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16, kisha ya kukazia ndani ya mwaka. Kwa joto la Mombasa, angalia chupa inavyosafiri: inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyobebwa mfukoni kwenye tuktuk mchana ikataeni. Na kama boma lenu limeshapata parvo, mbwa mpya aingie baada ya kumaliza chanjo zote, si baada ya ile ya kwanza.