Je, wajua? Namna baiskeli zinavyovuka milima ya Alpi bila kubanana na magari

Kila kiangazi, watu wa kawaida kabisa, wakiwemo wastaafu na wazazi wenye watoto, hutoka Salzburg nchini Austria wakiwa juu ya baiskeli zilizofungwa mikoba pande zote mbili za keria. Baada ya wiki moja hivi wanafika Grado, mji wa Italia ulio kwenye Bahari ya Adria. Ni njia ya kilomita zipatazo 410, inaitwa Alpe Adria, na katikati yake imesimama milima ya Alpi. Wengi wao si wanamichezo, na kwa vipande virefu vya safari hawapishani na gari hata moja. Inawezekanaje?

Anayeijua Kitonga, pale barabara kuu ya Iringa inapopanda mlima, anajua baiskeli ina nafasi gani kwenye barabara ya mlimani yenye malori. Alpi nako ni hivyo hivyo. Barabara ya Stelvio, kaskazini mwa Italia, inafika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na ukiipanda kutoka upande wa Prato unapita kona kali 48, huku kila mita 100 zikikuinua mita 7 na ushei kwa wastani. Gari linaimudu kwa sababu matairi ya mpira yanashika lami na injini ina nguvu ya kutosha.

Treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo, na mlima ukizidi kuwa mkali magurudumu huzunguka papo hapo bila behewa kusogea. Ndiyo maana wahandisi wa karne ya 19 walipojenga reli kuu za milimani, mara nyingi hawakupenda kupanda zaidi ya mita 2 na nusu kwa kila mita 100. Ili kuupata mwinuko huo wa upole, reli ilifuata kingo za bonde, ikavuka mto mara upande huu, mara upande ule, na pale mwamba ulipoziba, ikapenya ndani.

Tofauti hiyo unaisikia kwenye mapaja. Chukua mwendesha baiskeli ambaye yeye, baiskeli na mizigo yake jumla ni kilo 100, akienda kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila 100, kuushinda mlima kunamtaka nguvu ya wati 55 hivi, kazi ambayo mtu mzima mwenye afya anaweza kuifanya asubuhi nzima. Kwenye mwinuko wa mita 8, zinahitajika wati 218 kwa mwendo uleule, na watu wengi watashuka wasukume.

Sasa, upande wa Italia Alpe Adria imerithi njia ya reli ya aina hiyo: reli ya Pontebbana, kutoka Udine hadi Pontebba, iliyokamilika mwaka 1879. Enzi hizo Pontebba ulikuwa mji wa mpakani, na ng'ambo ya kijito ilianza dola ya Austria-Hungaria. Reli ile ilikuwa ya njia moja, yenye kona nyingi, na ilipita chini ya majabali yanayoporomoka. Mwishoni mwa karne ya 20 Italia ilijenga reli mpya ya njia mbili, sehemu kubwa yake ikiwa ndani ya mahandaki marefu, na kufikia mwaka 2000 reli ya zamani kati ya Pontebba na Tarvisio haikuwa na treni tena. Mataruma na vyuma vikaondolewa, ikamwagwa lami, ikawa njia ya baiskeli.

Kwa maoni yangu, lami ndiyo sehemu rahisi. Hazina halisi ni ule ukanda wa ardhi wenyewe, mwembamba, uliosawazishwa tayari, unaopita mfululizo kutoka mji hadi mji bila kukatwa na shamba wala nyumba ya mtu. Ukanda kama huo ukishauzwa vipande vipande, kuupata tena ni kununua upya kiwanja baada ya kiwanja, na madaraja yaliyomo hayatajengwa mara ya pili kwa ajili ya baiskeli.

Na madaraja yapo. Ukishuka kutoka Pontebba kuelekea Chiusaforte, unaupita mto Fella juu ya madaraja ya chuma ya treni, chini maji ya kijani-buluu yakitafuta njia katikati ya kokoto nyeupe zilizotanda bonde zima. Mahandaki yanakuja moja baada ya jingine. Taa huwaka mtu anapoingia, matone yanadondoka kutoka darini, na baridi ya ndani inakufanya utafute koti hata mwezi wa Julai. Stesheni ya Chiusaforte bado imesimama, ila badala ya tiketi sasa kunauzwa kahawa na chakula.

Jiografia nayo imesaidia. Pale Camporosso, karibu na Tarvisio, ndipo maji yanapogawana: mvua inayonyesha upande wa mashariki hatimaye hufika mto Danubi na Bahari Nyeusi, ya upande wa magharibi hushuka na Fella hadi Adria. Mgawanyo huo mkubwa uko kwenye mita 800 na kitu tu, kwa hiyo baiskeli inauvuka karibu bila kujua.

Kizuizi kigumu zaidi kiko Austria, kwenye safu ya Hohe Tauern, ambako njia ya miguu ya kuvukia mlima inapita juu ya mita 2,400. Hapo baiskeli inapanda treni. Kuna handaki la reli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 8, lililofunguliwa mwaka 1909, na kutoka Böckstein hadi Mallnitz ni dakika kama kumi na moja. Wapo wanaoona huku ni kudanganya. Mimi naona ndiyo akili ya njia nzima: mlima usiopandika kwa mtu wa kawaida umepewa treni, badala ya njia kuishia kuwa ya mashujaa wachache.

Bonde la Vinschgau, upande wa Italia wenye wasemaji wengi wa Kijerumani, wametumia hila hiyohiyo kwa namna nyingine. Reli ya Merano hadi Malles ilifungwa mwaka 1990, ikafufuliwa mwaka 2005. Watu wanapanda treni na baiskeli hadi Malles, kisha wanateremka kando ya mto Adige, katikati ya mashamba ya tufaha, mita 700 hivi chini hadi Merano.

Msitu ungeonekana kuwa njia nyingine rahisi, lakini Austria, sheria ya misitu ya mwaka 1975 inampa kila mtu haki ya kutembea msituni kwa miguu, si kupita kwa baiskeli. Kupita kwa baiskeli kwenye barabara ya msitu kunahitaji idhini ya mwenye msitu.

Alpe Adria haijakamilika kote. Kupanda hadi Bad Gastein, mji wa Austria ulio kabla ya handaki la treni, kunachosha kwelikweli, na kusini ya Moggio Udinese, upande wa Italia, njia inarudi kwa vipande kwenye barabara zenye magari, hivyo mwenye watoto ajipange. Wengi huenda kutoka kaskazini kushuka kusini, na kurudi hutumia treni ya MICOTRA, inayobeba baiskeli kati ya Udine na Villach kupitia mahandaki yaleyale mapya yaliyoiacha huru reli ya zamani.