Blogu ya darasa si ubao wa matangazo

Kila mara nasikia mwalimu akisema "darasa letu lina blogu", na ukiifungua unakuta ratiba ya mitihani, mazoezi ya hesabu ya kupakua na tangazo la kikao cha wazazi. Vyote hivyo vina faida yake, ila blogu ya darasa ni kitu kingine.

Maana yake ni fupi. Ni mahali mtandaoni ambapo wanafunzi huandika wenyewe, kila andiko lina tarehe, jipya hukaa juu, na msomaji anaweza kuacha maoni chini yake.

Mkanganyiko unatokana na programu. Blogger ilipozinduliwa mwaka 1999, mtu asiyejua lolote kuhusu kutengeneza tovuti aliweza kuchapisha kwa kubofya kitufe, na walimu hawakuchelewa kuichangamkia. Tangu hapo chochote kinachowekwa kwenye programu ya aina hiyo huitwa blogu, hata kama ni mwalimu peke yake anayebandika. Mimi naangalia mambo mawili tu: nani anaandika, na nani anamjibu.

Tena wazo hili limeitangulia intaneti kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1920, mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kuchapia katika darasa lake kijijini Bar-sur-Loup. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakazipanga herufi moja moja kwa mikono yao, wakachapa, kisha wakabadilishana kurasa na wanafunzi wa shule nyingine ya mbali. Mtoto aliyejua kwamba kuna wenzake wanaosubiri kusoma aliandika kwa uangalifu mwingine kabisa. Mashine ile iko karibu zaidi na blogu ya darasa kuliko tovuti nyingi za shule za leo.

Insha ya kawaida ina msomaji mmoja, naye analipwa kuisoma. Ikishasahihishwa, safari yake imekwisha. Sasa chukua mwanafunzi aliyeandika kwenye blogu kuhusu jaribio la sayansi: "Mbegu zetu za maharage ziliota vizuri." Mwenzake anauliza chini yake: "Na zile mlizoweka gizani?" Inabidi arudi kwenye daftari. Anakuta kwamba za gizani nazo ziliota, lakini mashina yalirefuka yakawa membamba na majani yakawa ya manjano. Anaiandika aya upya, na safari hii neno "vizuri" halimo, kwa sababu sasa ana la kusema. Swali la mtu aliyetaka kujua kweli limefanya kazi ambayo kalamu nyekundu huishindwa mara nyingi.

Wapo pia wanaoikimbia blogu wakidhani lazima iwe wazi kwa dunia nzima. Si lazima. Inaweza kufungwa kwa nywila, ikasomwa na darasa la jirani na wazazi basi, na watoto wakatumia majina ya kwanza au ya kubuni. Kwa wadogo ndivyo inavyofaa; Marekani ina sheria tangu mwaka 1998 inayozitaka tovuti zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13. Wasomaji ishirini wanaojibu wanatosha kabisa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukurasa wako wa ratiba na mazoezi uache uendelee, wazazi wanauhitaji. Uite tu ukurasa wa matangazo. Na siku utakapotaka blogu, wape wanafunzi nafasi ya kuchapisha, halafu jizuie kidogo: maoni ya kwanza chini ya andiko yatoke kwa mwanafunzi mwenzao, wewe ufuate baadaye.