Jeep na jipu: maneno ya kijiweni na ukweli wenyewe

Haya jamani leo tuliongee hili la Jeep maana kila likiletwa kijiweni watu wanagawanyika, huku wanasema ndio baba wa magari yote ya porini, chuma cha vita, halifi, huku wanasema Jeep na jipu ni ndugu, ukinunua jiandae kutumbuliwa mfuko kila mwezi. Mimi haya magari nayafuatilia miaka mingi na naona pande zote mbili zinakosea sehemu moja, wanaliongelea hilo jina kama vile ni gari moja la fundi mmoja, kumbe limepita mikono mingi kuliko noti ya buku.

Tuanze na jina lenyewe. Wote tumefundishwa kwamba limetoka kwenye herufi GP, General Purpose, eti gari la kazi zote, ukitamka harakaharaka jii-pii inakuwa jeep. Inapendeza ila haisimami vizuri. Kwenye namba za kiwandani za Ford, G ilikuwa ni serikali, na P ilikuwa ni kipimo tu, gari lenye inchi 80 kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Na wanajeshi wa Marekani walishakuwa na neno jeep mdomoni kabla hata hilo gari halijazaliwa, walikuwa wanawaita hivyo makuruta na gari lolote jipya ambalo halijajaribiwa. Halafu tangu 1936 kwenye katuni za Popeye kulikuwa na kidudu kinaitwa Eugene the Jeep, kinapenya popote, hakishindwi na kitu. Kilicholitoa jina hadharani ni Februari 1941, kampuni ya Willys, moja ya waliolitengenezea jeshi hilo gari, walipandisha gari lao kwenye ngazi za jengo la bunge kule Washington, mwandishi wa gazeti akamuuliza dereva hiki ni kitu gani, jamaa akajibu ni jeep, ikaandikwa, ikaisha hiyo.

Na kwamba Willys ndio waliolibuni? Hapa kuna watu walidhulumiwa kabisa. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliandikia kampuni 135 likitaka gari dogo la upelelezi, na gari la mfano lipatikane ndani ya siku 49. Siku 49! Kampuni iliyokubali hiyo ratiba ni Bantam, kiwanda kidogo cha Butler, Pennsylvania kilichokuwa kinakata roho kwa ukata, wakamwita injinia anaitwa Karl Probst akachora kama siku mbili hivi, na Septemba 23, 1940 gari likafika kambi ya Holabird likiwa linatembea lenyewe. Jeshi likalipenda, ila likaona hawa wadogo hawatamudu oda kubwa, kwa hiyo likawapa Willys na Ford wachungulie kazi ya Bantam nao watengeneze ya kwao. Willys wakashinda kwa sababu injini yao ilikuwa na nguvu za farasi 60, wenzao hawakuikaribia. Bantam waliishia kutoa magari kama 2,700 tu, wengine wakatoa zaidi ya laki sita kwa pamoja, na wenye wazo wakabaki wanatengeneza matrela. Baadae Willys walijitangaza sana kwamba wao ndio waumbaji wa Jeep mpaka tume ya biashara ya serikali ikawaamuru 1948 waache hayo maneno. Alama ya biashara walikuja kusajiliwa 1950, kwa hiyo jina likawa la kwao kweli, mtoto ndio wa watu.

Hata zile tundu saba za mbele ambazo watu wanachora tatuu, utaambiwa eti ni mabara saba ya dunia. Hapana. Ile grili ya bati lililopondwa ilikuwa ni akili ya Ford kupunguza gharama, yao ilikuwa na tundu tisa, na ile ya raia ya 1945 ilipowekewa taa kubwa nafasi ikapungua zikabaki saba. Stori ya mabara imeingia baadae.

Sasa hii najua itawauma watu wa Land Cruiser na huku kwetu ndio wengi. Kuna mtu atakwambia Jeep imemuiga Mjapani au imeiga Land Rover. Ndugu yangu, Land Rover ya kwanza ya majaribio ilijengwa juu ya chesi ya Jeep, Maurice Wilks wa Rover alikuwa na Jeep iliyobaki vitani anaitumia shambani kwake kule Anglesey, ikawa inachoka akaona mbona hatuna ya kwetu, ikazinduliwa Amsterdam 1948. Na Toyota ya 1951 iliitwa Toyota Jeep BJ kabisa, walibadilisha jina kuwa Land Cruiser 1954 kwa sababu jina lilikuwa na mwenyewe. Kwamba baadae mtoto alikuja kumzidi baba kwa uvumilivu, hilo sibishi hata kidogo.

Tukija kwenye ubovu sasa, ndiko kwenye nyama. Dhana kubwa ya kwanza ni kwamba Jeep za zamani haziharibiki. Watu wakisema hivyo kichwani wanaiona Cherokee ile ya boksi, XJ, yenye injini ya lita 4.0 silinda sita za mstari, iliyotoka modeli ya 1987 ikadumu mpaka 2006 kwenye Wrangler. Ile injini ni kweli ni mzigo, wapo waliopita kilomita laki tatu bila kufungua kifuniko na fundi yeyote anayejua kushika spana anaielewa. Lakini hata yenyewe ina kidonda: za miaka ya 2000 na 2001 nyingi zilikuja na silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, yenye namba 0331 iliyochongwa juu yake, hiyo hedi inapasuka katikati kati ya silinda ya tatu na ya nne, maji yanaingia kwenye oili. Unafungua kifuniko cha kujazia oili unakuta utando kama chai ya maziwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia XJ au Grand Cherokee ya miaka hiyo akakwambia "hii ni ile four-point-oh ya chuma", mwambie sawa bosi, fungua boneti kwanza nisome namba.

Upande wa pili ni wale wa "Jeep zote za sasa mikweche". Hapa malalamiko ni ya kweli, kwenye tafiti za wenye magari Marekani Jeep huwa inakaa mkiani mara nyingi sana, ila ukikaa nayo unaona sio gari zima, ni vitu fulani kwenye miaka fulani. Mfano Grand Cherokee ya 2011. Chini ya boneti kuna boksi jeusi la umeme, wamelipa jina la TIPM, ndani zimo fyuzi na rilei zote, yaani vile viswichi vya umeme. Rilei ya pampu ya mafuta kwenye magari ya zamani unaichomoa kwa vidole viwili unaweka nyingine, dakika moja. Humu waliichomelea moja kwa moja kwenye saketi. Ikichoka, gari linaweza kugoma kuwaka, au likazima uko barabarani, na fundi anabadilisha pampu ambayo ni nzima kabisa, anabadilisha betri, anabadilisha sensa, mwenye gari anatoa tu hela. Mwaka 2014 kampuni iliyaita yarudi kurekebishwa magari karibu laki moja na elfu tisini, na dawa yenyewe ilikuwa ni kuweka rilei nje ya boksi, kama ilivyokuwa zamani. Rilei moja jamani!

Na injini ya lita 3.6 V6 ya 2011 mpaka 2013, watu wanaisema kana kwamba yote ilikuwa taka. Shida ilikuwa hedi ya upande wa kushoto, inaanza kupiga tiktiktik na silinda moja inakosa moto, kampuni ikakubali ikaongeza waranti ya hiyo hedi kufika miaka 10. Iliyobadilishwa inapiga kazi kama kawaida.

Kuna hii pia ya "gia boksi za Grand Cherokee zinaua". Gia boksi haikuwa na kosa. Ile ya spidi nane ni ya ZF, Mjerumani, ndugu zake wamo kwenye BMW kibao. Tatizo lilikuwa mkono wa gia wa 2014 na 2015. Mkono wa kawaida ukiuweka P, ya kuegesha, unabaki pale juu, jicho linaona, mkono unasikia. Huu ukiusukuma unarudi katikati wenyewe kama swichi ya kengele, taa ndogo tu ndio inakwambia uko wapi. Mtu amezoea miaka ishirini, anasukuma, anashuka, kumbe gari liko R ya rivasi au N ya huru, linaanza kutembea bila dereva. Kampuni iliyaita magari milioni 1.1 duniani Aprili 2016, na Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alibanwa na Grand Cherokee yake nyumbani kwake akafariki, gari lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa. Hiyo sio injini mbovu wala chuma kibovu, ni mtu wa ofisini aliyeona mkono wa gia wa zamani umepitwa na fasheni.

Halafu lile tetemeko. Wenye Wrangler wanalijua, Wamarekani wameliita tetemeko la kifo na jina halijakosea. Uko spidi 90, unapita kiraka au daraja, mara mbele kunaanza kupigwa kushoto kulia kushoto kulia, usukani unakutoka mkononi, gari zima linatetemeka kama lina degedege na haliachi mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Dhana ni kwamba ni tatizo la balansi ya matairi, au ni la Jeep peke yake. Sio hivyo. Linatokea kwenye gari lolote lenye ekseli ya mbele ya kipande kimoja, chuma kimoja kinachoshika tairi zote mbili, pikapu kubwa za Ford na Ram nazo zinalo. Tairi moja likipigwa, mwenzake anapewa kipigo kwa sababu wameshikana, na kama kuna kitu kinacheza hata milimita chache basi ule mtikiso unajilisha wenyewe. Mara nyingi mchawi ni ile rodi ndefu inayovuka kutoka kwenye chesi kwenda kwenye ekseli, bushi yake, ule mpira wa kwenye kiungo, imekufa au bolti imelegea na tundu limepanuka, zinafuata boli-jointi na tairodi, viungo na rodi za kukatisha tairi. Kosa la wengi ni kukimbilia kubadilisha shokapu ya usukani, linatulia wiki mbili tatu linarudi, umefunika tu harufu. Ingawa na hapa tuwe wakweli, kwa Wrangler za 2018 na 2019 kampuni yenyewe ilikuja na shokapu ya usukani ya muundo mpya baada ya malalamiko kuwa mengi, hayo yalikuwa magari mapya, huwezi kumwambia mtu wa gari jipya eti bushi imechoka. Na nyie mnaoinua magari kwa springi ndefu na kuvalisha matairi ya trekta kisha mnalalamika yanatetemeka, mnajijua.

Nyingine ya huku kwetu zaidi: "Grand Cherokee ya dizeli ina injini ya Benz kwa hiyo hamna shida". Nusu kweli. Enzi Daimler, wenye Mercedes, na Chrysler, waliokuwa wenye Jeep, wameoana, ile ya lita 3.0 dizeli ya kama 2005 mpaka 2010 ni injini ya Mercedes kweli, na nyingi za usukani wa kulia zilizouzwa Uingereza ni hizo. Iliyofuata 2011 umbo jipya ni injini ya VM Motori, Mtaliano. Na hiyo ya Benz yenyewe ina ugonjwa wake maarufu, sili za kupozea oili zimekaa katikati ya zile safu mbili za silinda zilizokaa kama herufi V, zikivuja mpaka uifumue injini juu yote, sili zenyewe ni za hela ndogo, kazi ndio inaua.

Kwa haraka haraka: sio kila Jeep ni fowili, ya kuvuta tairi zote nne. Compass, Patriot, Renegade zipo za kuvuta mbele tu, hata XJ zilikuwepo za tairi mbili. Zile Jeep za posta ya Marekani nazo zilikuwa za kusukuma nyuma tu, na usukani kulia, kama za kwetu.

Na gari kuitwa kiwandani sio lazima maana yake ni bovu, ni matengenezo ya bure ya usalama. Ila kuna yanayochekesha na ya kutisha. 2015 vijana wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, waliizima Cherokee ikiwa barabarani kwa kompyuta wakiwa wamekaa nyumbani, waliingilia kwenye redio, yakaitwa magari milioni 1.4, wengine wakatumiwa flashi kwa posta wakajichomekee wenyewe. Na 2024 zile za mseto, Wrangler na Grand Cherokee 4xe, zaidi ya 150,000 ziliitwa kwa sababu ya betri kushika moto, wenye nazo wakaambiwa walaze gari nje mbali na nyumba. Gari la milioni mia na ushee, linalala nje kama mbwa mkali. Shida yetu sisi wa mitumba ni kwamba ile barua ya kuitwa inakwenda kwa mtu aliyelisajili kule, wewe wa huku hakuna anayekujua.

Mwisho kuna wale wa "mimi nataka Mmarekani halisi". Baada ya Willys jina la Jeep lilichukuliwa na Kaiser 1953, wakaja AMC 1970 ambao baadae nusu yao ilikuwa ya Renault wa Ufaransa, Chrysler 1987, Daimler wa Ujerumani 1998, kampuni ya uwekezaji ya Cerberus 2007, Fiat kuanzia 2009, na tangu 2021 ni Stellantis yenye makao Uholanzi. Wrangler bado inatoka Toledo, Ohio alikokuwa Willys, ila Renegade imetengenezwa Melfi, Italia, na Compass za usukani wa kulia za Japan na Australia zimetoka India. Ukitaka kujua ya kwako, soma alama ya kwanza ya namba ya chesi, mara nyingi 1 ni Marekani, 3 ni Mexico, Z Italia, M India. Kasome kwanza ndio uje tubishane.