Ukurasa mtupu si cheti cha tabia njema: kupekua kumbukumbu za jinai Minnesota

Aliyekulia Kenya au Tanzania amezoea kwamba cheti cha tabia njema huombwa na mwenyewe: unachukuliwa alama za vidole, unalipa ada, unasubiri jibu la polisi, na jirani yako hana njia ya kwenda kuulizia habari zako. Katika jimbo la Minnesota, hapa Marekani, mambo yako kinyume. Hukumu ya jinai ni habari ya umma, na yeyote mwenye simu anaweza kukupekua akiwa sebuleni kwake bila kukuomba ruhusa wala kukuarifu. Kazi yangu ni kupekua kumbukumbu hizi kwa niaba ya mawakili, na kwa wateja wanaozungumza Kiswahili maswali huwa mawili: nitafute wapi, na mbona nimetafuta nikakuta ukurasa mtupu? La kwanza ni jepesi. La pili ndilo linalowaponza watu.

Mahali pa kutafutia ni pawili. Mahakama za jimbo zina mfumo wa mtandaoni uitwao MCRO, usiotoza ada ya kutafuta, unaokusanya kesi za kaunti zote 87. Idara ya jimbo ya upelelezi wa jinai, inayojulikana zaidi kwa herufi zake BCA na yenye makao St. Paul, nayo ina tovuti ambako unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Wengi hudhani hizi ni nakala mbili za daftari moja. Sivyo: mahakama hutunza majalada ya kesi, ilhali BCA hutunza historia ya mtu, iliyofungamanishwa na alama zake za vidole.

Ukitaka kuelewa jalada la mahakama, anza na namba yake. Chukua 27-CR-20-12646, kesi ya Derek Chauvin, askari aliyemuua George Floyd. Tarakimu 27 ni kaunti ya Hennepin, ambayo ni ya 27 katika orodha ya kaunti kwa alfabeti. CR ni jinai. 20 ni mwaka 2020 kesi ilipofunguliwa. Tarakimu za mwisho ni nafasi yake katika mfululizo wa mwaka huo. Humo utakuta hati ya mashtaka, maombi ya mawakili, uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama wa Aprili 2021, na kifungo cha miaka 22 na nusu alichopewa mwezi Juni. Hutakuta kifungo cha miaka 21 alichopewa Julai 2022 kwa kukiuka haki za kiraia za Floyd, kwa sababu kesi hiyo ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho. Mahakama za shirikisho zina mfumo wao, PACER, unaotoza senti 10 kwa ukurasa, na anayepekua MCRO peke yake hataambiwa na mtu kwamba kuna kesi ya pili.

Sasa ukurasa mtupu. Kwa kanuni za mahakama za Minnesota, kesi ya jinai ambayo haijazaa hatia haipaswi kutafutika mtandaoni kwa jina la mshtakiwa. Ukiwa na namba yake, inafunguka. Ukiandika jina, hupati kitu. Hivyo mtu aliyeshtakiwa wiki iliyopita kwa kosa zito, na ambaye kesi yake inaendelea, anaweza kuonekana msafi kabisa. Ili kutafuta kwa jina inakubidi uende mahakamani na kukaa kwenye kompyuta ya umma iliyopo karibu na dirisha la masijala. Naiona kanuni hii kuwa ya busara, maana kushtakiwa si kutiwa hatiani, lakini anayetafuta lazima aijue.

Upande wa BCA, utupu una sababu nyingine. Hatia hubaki wazi kwa umma kwa miaka 15 tangu adhabu imalizike, na baada ya hapo haionekani tena katika upekuzi wa kawaida. Isitoshe, hukumu ambayo haikuunganishwa na alama za vidole haiingii katika historia ya mtu, na makosa mengi madogo huishia hapo: mtu aliitwa kwa barua, akaja, akalipa faini, akaenda zake bila kuguswa kidole. Jalada lake liko mahakamani. BCA haina habari naye.

Upo pia utupu wa kinyume, yaani ukurasa uliojaa mambo ya mtu mwingine. Wakimbizi wengi wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa, Wakongo na Wasomali wakiwemo, waliandikiwa tarehe 1 Januari. Ukichanganya tarehe hiyo na jina linalobebwa na watu wengi, halafu karani mmoja akaweka jina la babu mahali pa jina la ukoo, utaletewa watu watatu kana kwamba ni mmoja. Mimi sikubali mfanano wa jina na tarehe peke yake. Hufungua hati ya mashtaka na kulinganisha jina la kati, mji aliokuwa akiishi mshtakiwa, na kama mteja alikuwa amekwisha kufika Marekani siku hiyo. Mara moja swali hilo la mwisho lilitosha: kosa lilitendwa wakati mteja wangu bado yuko kambini.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, nimeiona kwa wanaojaza fomu za uraia. Minnesota ina utaratibu ambao mshtakiwa anakiri kosa, jaji anaacha kuandika hatia, anamweka chini ya matazamio, na akimaliza salama shtaka linafutwa. Kwa sheria ya jimbo mtu huyo hana hatia, kwa hiyo jina lake halitoi kitu mtandaoni, naye anaandika kwa moyo mweupe kwamba hajawahi kutiwa hatiani. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho inahesabu vingine: kukiri kosa pamoja na adhabu au masharti yoyote ya jaji ni hatia. Kwa kesi kama hiyo namba ya jalada inatafutwa kwanza, nakala inaombwa masijala, na wakili wa uhamiaji anaisoma kabla fomu haijatiwa sahihi.

Tangu 1 Januari 2025 sheria iitwayo Clean Slate inafunga yenyewe baadhi ya kumbukumbu za makosa madogo na ya kati, na baadhi ya makosa mazito, pasipo mhusika kuomba, mradi muda wa kungoja umepita. Jambo jema, ila kampuni zinazouza taarifa za watu huenda zilinakili jalada kabla halijafungwa. Ukinyimwa nyumba au kazi kwa taarifa ya namna hiyo, omba nakala ya ripoti yenyewe, kisha uandikie kampuni iliyoitengeneza pingamizi kwa maandishi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 huipa, kwa kawaida, siku 30 kuchunguza, na isipoweza kuthibitisha inaondoa. Weka risiti ya posta.