Unakimbia kila wiki lakini taimu ya 5km haishuki? Maswali na majibu

Mbio za Kampala zikikaribia, ile ya birthdei ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwezi wa 4 na ile kubwa ya mwezi wa 11, watu huulizana mambo yaleyale, sasa nimeyakusanya hapa. Naongea na mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, anayekimbia kilomita 5 kwa raha zake ila anataka kupunguza dakika moja mbili hivi.

Nakimbia siku 5 kwa wiki, jasho linatoka kweli, lakini nimekwama kwenye dakika 30 tangu mwaka jana. Shida iko wapi?

Wengi wanaokwama hivyo wanakimbia spidi moja siku zote, ile ya katikati, siyo polepole na siyo kasi. Unachoka kila siku lakini mwili haupati sababu ya kubadilika, halafu siku ya kukimbia kwa nguvu ikifika miguu tayari imekufa. Kilomita 5 inaonekana fupi lakini nguvu yake karibu yote inatokana na oksijeni, na mbio za polepole ndizo zinazojenga hiyo sehemu: moyo unazoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na seli zinapata mitokondria zaidi za kutengeneza nishati. Kwa hiyo katika siku zako 5, tatu ziwe polepole kabisa, yaani uweze kupiga stori bila kuhema, hata kama utapitwa na mama anayewahi soko la Nakawa, mwache apite. Mbili zinazobaki ndiyo za kazi. Najua watu hawapendi kusikia hivi, wanaona polepole ni uvivu.

Hizo siku mbili za kazi nafanya nini? Sina uwanja karibu.

Siku ya kwanza ni intavali, yaani vipande vifupi vya kasi na kupumzika katikati. Piga hesabu hivi: 5km kwa dakika 30 ni dakika 6 kwa kilomita. Ukitaka dakika 28 lazima ukimbie kilomita kwa 5:36, na hiyo kwa mita 400 ni dakika 2 na sekunde 14. Basi kimbia mita 400 kwa taimu hiyo mara 6, kila moja ikiisha tembea dakika 2 ndiyo uanze nyingine. Wiki zikienda ongeza ziwe 8, au punguza muda wa kupumzika. Uwanja wa riadha mzunguko mmoja ni mita 400, ila kama huna, pima barabara tulivu kwa simu, inatosha.

Siku ya pili ni mlima, na Kampala milima ni ya bure: Kololo, Naguru, Muyenga, chagua. Panda kwa nguvu sekunde 30 mpaka 40, shuka ukitembea, rudia mara 6 au 8. Mlima unajenga miguu bila kukulazimisha kwenda spidi kali sana. Ila usiziweke hizi siku mbili zikafuatana, na nenda asubuhi mapema kabla boda na taksi hazijajaza moshi barabarani. Kabla ya kazi yoyote ngumu jogi dakika 10, rusha miguu, ruka kidogo, kule kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu weka baadaye.

Mimi ni mwanamke, nafanya mazoezi yote lakini napumua vibaya na nachoka kuliko wenzangu. Je, sina kipaji?

Dada, usikimbilie kipaji, kapime damu kwanza. Oksijeni inabebwa na chembe nyekundu za damu na chembe hizo zinahitaji madini ya chuma, sasa mwanamke anayetoka damu nyingi kila mwezi na huku anakimbia anaweza kupungukiwa bila kujua. Dalili ni kuchoka ovyo, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo. Vidonge vya chuma usinunue tu kwa kukisia, pima ndiyo upewe. Kwenye sahani weka maini ukipata, mukene (dagaa), maharage, dodo (mchicha), na ukamulie ndimu au ule chungwa kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mboga na maharage. Chai nayo isogeze mbali na chakula, inazuia chuma, najua kwa watu wetu hilo ni gumu.

Na malaria pia, maana inavunja hizohizo chembe nyekundu. Ukiwa na homa hakuna mazoezi, hata kidogo. Pima, maliza dozi yote, na homa ikiisha anza na kutembea, usirudi moja kwa moja kwenye intavali ukashangaa taimu imeharibika.

Naweza kumeza diklofenaki kabla ya mbio ili nisisikie maumivu?

Hapana. Najua zinauzwa kila duka la dawa na watu wanameza kama peremende, lakini dawa za kundi hilo zinaumiza tumbo, na ukiwa umepungukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Tena yale maumivu ni taarifa. Muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti, ukiuma mahali palepale, ukibonyeza unaruka, na unauma hata ukiwa umelala, inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa, hapo simama uende hospitali. Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili hayo ni ya kawaida. Kifua kubana au kuzimia wakati wa kukimbia ni dharura.

Nile nini asubuhi ya mbio?

Usijaribu kitu kipya. Katogo la byenda, yaani matoke na matumbo, achia wakati wa kurudi. Ndizi moja mbivu ya bogoya na maji kidogo vinatosha, chakula kizito kiwe masaa 3 kabla, la sivyo kichomi kitakukamata. Na bia za usiku uliotangulia ziruke, zinaharibu usingizi.

Siku yenyewe niondoke vipi?

Polepole kuliko unavyotamani. Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 Monaco tarehe 14 Agosti 2020 kwa 12:35.36, alikuwa anakwenda karibu 2:31 kila kilomita, hakulipuka mwanzoni. Sisi tunafanya kinyume, watu wakipiga kelele tunatoka kama tunafukuzwa, kilomita ya 3 tunatembea. Kama lengo lako ni 28, ya kwanza iwe 5:40, ya pili mpaka ya nne shika 5:36, ya mwisho toa kila kilichobaki. Ukivuka mstari usisimame ghafla wala usikae chini, damu inabaki miguuni unapata kizunguzungu. Tembea kama dakika 10 hivi, ndiyo utafute maji na hiyo medali.