Maana ya 7x50: namba zilizochongwa kwenye darubini kuukuu

Darubini ya macho mawili niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, imechongwa 7x50 begani, karibu na bawaba inayounganisha pande zake mbili, na chini ya namba hizo imeandikwa 7.1°. Rangi yake nyeusi imechubuka pale vidole vinaposhika. Jioni ya kwanza niliyompa mpwa wangu aitazamie nyota, uani kwetu Mikindani, alizisoma namba hizo kwa tochi kisha akaniuliza, "Mjomba, ina maana inakuza mara hamsini?" Nilimjibu kwamba sivyo, lakini nilipokaa na kupiga hesabu niliona kwamba kijana hakuwa amekosea kabisa, maana ile hamsini aliyoitaja imo, ila haimo katika ukubwa wa kitu bali katika mwanga wake.

Namba ya kwanza ndiyo ya kukuza. Saba maana yake ni kwamba jahazi lililo mita 700 kutoka ufukweni huonekana kana kwamba liko mita 100. Namba ya pili haikuzi chochote: ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani upana wa mlango ambao mwanga unaingilia. Wanaozoea vyombo hivi husoma "saba kwa hamsini", na kwa anayetazama nyota namba hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa nyota, hata ikikuzwa namna gani kwa chombo cha mkononi, hubaki nukta. Kinachobadilika ni wingi wa mwanga wake unaofika jichoni, kama vile anayekinga mvua kwa beseni anavyopata maji mengi kuliko anayekinga kwa kikombe, ingawa mvua ni ileile.

Mboni ya jicho la kijana ikikaa gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Lenzi yenye upana wa milimita 50 ni pana mara saba na kidogo kuliko mboni hiyo, na kwa kuwa mwanga huingia kwa eneo na si kwa upana peke yake, saba na kidogo huzidishwa kwa saba na kidogo, tukapata takriban 51. Ndiyo ile hamsini ya mpwa wangu. Kwa jozi hii ya namba imesadifu tu kwamba upana wa lenzi na idadi ya mara za mwanga vinakaribiana, na mtu asiichukue kuwa kanuni ya darubini zote.

Lipo jambo la tatu ambalo halikuchongwa popote lakini hupatikana kwa kugawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Hamsini kwa saba ni 7.1 (isichanganywe na ile 7.1° iliyochongwa, ambayo nitaifikia), na hizo ni milimita za unene wa mwanga unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Unene huo unaweza kuonekana wazi mchana. Ishike darubini mbali na uso, mikono ikiwa imenyooka, uielekeze kwenye anga nyeupe upande usio na jua, na utaona katikati ya kila lenzi ya jichoni duara dogo linalong'aa, kama tone la maziwa juu ya kioo cheusi. Niliweka rula juu ya duara la darubini yangu nikapata milimita saba barabara. Duara likiwa zima na lenye mwanga sawa hadi ukingoni, miche iliyomo ndani, yaani vipande vya kioo vinavyopindisha njia ya mwanga, ni ya kioo kizuri. Likionekana kama limekatwa pande nne, na kingo zake ni za kijivu, sehemu ya mwanga inapotea humohumo ndani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya mabaharia kushikamana na 7x50 kwa miaka mingi. Zamu ya usiku hutaka mwanga mnene unaojaza mboni iliyofunguka, na chombo kikiyumba, unene huo humpa mtazamaji nafasi kidogo ya jicho kuhama bila picha kupotea. Darubini ya 8x30, ambayo nayo hupatikana sana miongoni mwa zile za zamani, hutoa milimita 3.75 tu, mchana ni nyepesi na nzuri, lakini usiku huacha sehemu kubwa ya mboni ikiwa haina kazi. Umri nao hubadilisha hesabu. Mboni ya mtu mzima hupungua uwezo wa kufunguka, na wengi wetu tukishavuka makamo huishia karibu na milimita 5. Mwanga wa milimita 7 ukikuta mlango wa milimita 5, unaozidi huangukia nje ya mboni, na darubini ya 7x50 hufanya kazi kama ya 7x35. Mtu wa namna hiyo atafaidika zaidi na 10x50, ambayo hutoa milimita 5 kamili, mradi akubali kwamba mtetemo wa mikono nao utakuzwa mara kumi na atafute ukuta au shina la mkorosho la kuegemea. Kijana naye asidhani kwamba mboni yake hufunguka papo hapo, kwani jicho huhitaji takriban nusu saa ya giza, na kuwasha simu mara moja tu hurudisha mambo nyuma.

Namba hazisemi lolote kuhusu hali ya vioo, na hapo ndipo darubini ya zamani hutofautiana na mpya. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Upande mmoja wa darubini una nyuso kama kumi, kwa hiyo thuluthi nzima hupotea njiani, na zile mara 51 hushuka hadi 34 hivi. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alibuni namna ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza hasara hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Pili utando huo ulienea kwa watengenezaji wengi. Kuutambua ni rahisi: geuza lenzi chini ya taa, na ukiona mng'ao wa buluu au zambarau, upo, ukiona mng'ao mweupe mtupu, haupo.

Ile 7.1° ni upana wa anga unaoonekana kwa mara moja, sawa na mita 124 kwa kitu kilicho umbali wa mita 1,000. Kilimia huingia chote na nafasi ikabaki, na mahali ambapo macho matupu huhesabu nyota sita au saba, huonekana makumi. Kwa Mtwara na Lindi, zilizo karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, ningependa zaidi miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, mvua zikiwa zimekwisha na mkia wa kundi la nyota la Nge ukipita juu angani pamoja na sehemu nene ya Njia Nyeupe. Mwezi wa Mei, upande wa kusini, hutafutwa Omega Centauri, mamilioni ya nyota yaliyosongamana hadi yakaonekana kama donge dogo la pamba. Sijaona kitu kingine kinachostahili 7x50 kuliko hicho. Wanaoitumia kutafuta mwezi mwandamo wahakikishe jua limezama lote, kwa sababu lenzi ya milimita 50 ikielekezwa juani huunguza jicho mara moja.

Kabla ya kununua darubini kuukuu, mulika tochi kutoka mbele uchungulie ndani. Hewa yetu ya pwani huzaa kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui juu ya kioo, na ikikaa sana hula kioo chenyewe, hata ikisafishwa alama hubaki. Kisha simama ufukweni usiku usio na mwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao mbali baharini, utazame taa moja kwa macho yote mawili bila kuyakaza. Ikibaki taa moja, pande mbili za darubini zinatazama sambamba. Ikigawanyika mbili kisha zikajivuta pamoja polepole, ni macho yako yanayolazimishwa kufanya kazi ya miche iliyohama, na kichwa kitauma kabla ya nusu saa. Darubini ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi wa vyombo vya lenzi, au itumike kwa upande mmoja, jicho la pili likiwa limefumbwa.